Mkono Mmoja, Vinywa Viwili

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Mkono mmoja, vinywa viwili."

Tangu watoto wake wakiwa wadogo Fundi Kufuli aliwatega kitendawili hicho, na watoto walipokua akawageukia wajukuu, na hakuna aliyewahi kukitegua. Walijaribu kila kitu: mama anayenyonyesha mapacha, mtungi wenye midomo miwili, bomba la maji la mtaani. Fundi anatikisa kichwa. Wakichoka wanampa mji, kwa kuwa ndiyo ada ya mchezo: ukishindwa unatoa mji, na mtegaji anakupa jibu. Yeye mji anapokea, jibu hatoi.

"Mji huo mdogo," husema. "Nipeni mwingine."

Kufikia uzee wake alikuwa na miji ya kumtosha mfalme, na jibu bado kalikalia kama kuku anayeatamia.

Sasa Fundi alikuwa amelala chali juu ya godoro aliloshonewa na mkewe, mbavu zimejipanga kama ngazi, na hakuwa akimtega mtu yeyote. Alikuwa hali chakula.

Mkewe mtaa mzima ulimwita Mama Mito, kwa sababu tangu ujana wake kazi yake ilikuwa kushona mito na magodoro. Alikuwa amejaribu yote anayoyajua. Uji mzito, uji mwepesi, uji wa maziwa, mchuzi wa kuku uliochujwa kwa kitambaa. Kila akipeleka kijiko, Fundi alilitazama bakuli, akamtazama mkewe usoni, kisha akakisukuma kijiko kwa mgongo wa mkono, taratibu, bila hasira, kukirudisha kilikotoka.

"Bado," husema.

"Bado nini, baba watoto?"

"Bado."

Basi. Anafumba macho, na uji unapoa mpaka unaota ngozi juu.

Akili yake ilikuwa imeanza kumponyoka tangu mvua zilizopita. Aliwaita wanawe kwa majina ya watu wasiojulikana. Akisikia viatu vizito barabarani, alijikunyata kwenye ukuta na kuweka mikono kichwani. Mama Mito hakuhitaji daktari wa kumwambia mumewe yuko wapi. Alikuwa amerudi kambini, ile kambi ya wafungwa wa vita alikofungwa akiwa kijana, kabla hawajaoana. Hakuwahi kuisimulia. Alitoka huko akajifunza kutengeneza kufuli, na majirani wakamtania kwamba mfungwa kahamia upande wa mlango wenye ufunguo. Alicheka nao. Lakini mlango wa nyumba yake mwenyewe haukuwahi kutiwa kufuli hata siku moja. Aliurudisha tu, nao ukabaki na mwanya wa kupitisha paka.

Tangu mgonjwa alipoacha kula, Mama Mito aliweka sharti moja nyumbani: hakuna kutafuna mbele yake. Aibu iliyoje, mtu yuko hoi, nawe umemkalia mbele shavu limetuna! Kwa hiyo walikula uani, nyuma ya tangi la maji, kwa kujibanza kama wezi wa kuku. Wajukuu waliokuja kumsalimia babu yao walipanguswa midomo kwanza. Mama Mito mwenyewe hata huko uani haendi. Chai ya rangi asubuhi, chai ya rangi jioni, tonge halipiti. Gauni lilimning'inia utadhani bado liko kwenye kamba ya kuanikia.

Bintiye alikuwa muuguzi. Asubuhi hiyo alimpima baba yake mapigo ya moyo, akambana ngozi ya mkono kidogo, nayo ikabaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa. Akamvuta mama yake jikoni.

"Mama, hatuwezi kuendelea hivi. Jioni ya leo gari linakuja. Anakwenda hospitali, anawekewa mpira wa kulishia puani."

"Atauchomoa."

Muuguzi alitazama chini. "Ndiyo maana watamfunga mikono. Kwa vitambaa laini, mama. Kwenye chuma cha kitanda."

"Baba yako? Afungwe tena?"

"Unadhani mimi napenda? Nimewafunga wazazi wa wenzangu wangapi huko wodini, leo namfunga wangu!" Sauti ikamkatika. "Lakini akikaa hivi hatunaye. Nikudanganye?"

Mama Mito aligeuka. Alikuwa akimtazama mumewe kupitia mlango, macho yake yalivyoganda, kama mtu aliyekaa kwenye foleni.

"Anangoja kitu," alisema. "Mtu hasemi bado kama hangoji. Huko kambini walikuwa na amri yao ya kula. Kengele, au filimbi, au neno. Hajaisikia, ndiyo maana hali. Mimi nikiijua, nitampigia hapahapa."

"Utaijulia wapi?"

"Si wamepageuza makumbusho? Watu wanakwenda kupatazama. Nipe mpaka jioni, mwanangu. Gari likija nami sijarudi, mchukue."

*

Alikwenda na wifi yake, dada wa Fundi, mwanamke mwenye mwili, mdomo mrefu na moyo mwepesi. Walikuwa wakichokozana tangu siku ya harusi na hawakuwa na mpango wa kuacha.

"Tazama mambo haya," Wifi alisema kwenye dirisha la tiketi. "Kaka yangu waliingiza bure, tena kwa kumsukuma. Mimi nalipa!"

"Nyamaza, wifi, tutafukuzwa."

"Wangekuwa wanafukuza watu hapa, kaka yangu angerudi mapema."

Mama Mito alicheka bila kutaka, na kicheko kikageuka njiani kikataka kuwa kitu kingine. Akakimeza.

Lango lilikuwa limesimama peke yake, ukuta wake umebomoka zamani. Mlango usio na nyumba, aliwaza. Hicho nacho kitendawili. Ndani majani yalikuwa yamekatwa vizuri. Seng'enge ilikuwa mpya, inang'aa, na nguzo zake zilinuka rangi. Kulikuwa na viti vya kupumzikia na pipa la taka lenye mfuniko. Alitafuta mahali pa kumweka mumewe katika usafi ule, hakupaona.

Mwongozaji wao alikuwa msichana mwenye beji kifuani na kipaza sauti mkononi. "Shikamooni," aliwasalimu, akawaunganisha na kundi la wanafunzi waliokuja na mwalimu wao. Akaanza kueleza: mnara wa mlinzi, urefu wa uzio, mabanda, chumba cha adhabu. Alieleza vizuri, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi.

"Mwanangu," Mama Mito alimkatiza, "walikuwa wanaitwaje kwenda kula?"

"Jikoni tutafika mwishoni, bibi."

"Bibi ana njaa!" mwanafunzi mmoja alisema nyuma, wenzake wakaangua kicheko.

Wifi aligeuka. "Na wewe adabu yako ndogo kuliko hiyo kofia, nayo inakubana."

Wakaingia bandani. Kulikuwa na vitanda vya mbao vya ghorofa, na juu yake sanamu za wafungwa zilizovishwa matambara. Wifi aliisogelea moja akaichungulia usoni. "Mfungwa gani huyu mwenye mashavu? Kaka yangu alirudi tukamtambua kwa masikio tu." Kisha akashika ubao wa kitanda, akaupapasa kwa kiganja.

Mama Mito hakutazama sanamu. Alikuwa akitazama kila pembe akitafuta kitu kinachotoa sauti. Jua lilikuwa limekwisha kuvuka utosi. Kila chumba kilikuwa na maandishi mengi ukutani, naye shule yake ilikuwa ya msingi, tena ya zamani. Alisoma kwa kidole, neno kwa neno, na kundi likamwacha nyuma. Aliyoyakuta ni majina ya majenerali. Hakuna ukuta uliosema mtu alilishwaje.

Walipotoka uwanjani ndipo alipokiona. Kipande cha reli kilikuwa kimening'inizwa kwenye nguzo kwa mnyororo, kimepakwa mafuta kisishike kutu, na chini yake kibao: USIGUSE.

Moyo ulimruka. "Ndiyo hii! Wifi, ndiyo hii!"

"Basi isikilize uijue."

"Wamekataza kugusa."

"Wamekataza wanaosoma," Wifi alisema. Akaokota jiwe, akaigonga.

Sauti ilitoka kali, ndefu, ikazunguka mabanda na kurudi. Mama Mito alifumba macho aikariri. Nyumbani kuna sufuria kubwa lenye mpini wa chuma. Litatoa mlio wa karibu na huo. Angempigia sasa hivi kama angeweza, angeikimbiza sauti hiyo kabla haijapoa sikioni.

"Mama! Tafadhali jamani!" Mwongozaji alikuja mbio, uso umemwiva. "Hiki ni kitu cha kumbukumbu!"

"Tusamehe, mwanangu. Niambie tu, ndiyo ya chakula hii?"

"Ya chakula? Hapana, bibi. Hii ilikuwa ya kuhesabiwa. Ikilia, wote wanatoka wanapanga mstari. Anayechelewa anapigwa mbele ya wenzake. Walio hai wanasema waliichukia kuliko njaa."

Mama Mito alishika nguzo. Aliona kwa macho yake alichokuwa anakwenda kukifanya: Fundi kitandani, hawezi hata kugeuka, na mkewe wa ndoa anampigia kengele ya fimbo sikioni.

"Na ya chakula je?"

"Chakula hakikuwa na kengele."

"Filimbi?"

"Wala filimbi. Pipa liliburutwa mpaka mlangoni, wanatoka wenyewe. Hakukuwa na amri yoyote, bibi."

Hakukuwa na amri yoyote. Basi kilichobaki ni vitambaa laini kwenye chuma cha kitanda. Aliketi kwenye ngazi ya banda, mkoba mapajani, mdomo wazi kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Wifi akakaa kando yake. Alikuwa na mkate kwenye karatasi, akaufungua, akautazama, akaufunga tena.

"Kula, wifi," Mama Mito alisema. "Mgonjwa hakuoni."

"Wewe unaniona. Na wewe ndiye mgonjwa wa pili, hujajitazama kwenye kioo."

Wanafunzi walikuwa wamekwenda na mwalimu wao kupiga picha chini ya mnara. Mwongozaji alisita, kisha akazima kipaza sauti chake akachuchumaa mbele yao. "Bibi, kuna nini hasa?"

Mama Mito akamwambia. Bakuli, kijiko, bado, mpira, jioni. Alisema haraka haraka, kama anayemwaga maji kutoka mtumbwi unaozama.

Msichana alikigeuzageuza kipaza sauti mkononi. "Sijui nikuambie nini," alisema. "Nilichofundishwa ni kile nilichokieleza. Lakini jikoni kuna sauti za waliofungwa hapa, zimerekodiwa. Watu wakifika huko wamechoka, hawasikilizi mpaka mwisho. Hata mimi, kusema kweli, sijawahi kuzisikiliza zote. Twendeni."

*

Jiko lilikuwa banda lenye giza na sakafu ya saruji. Katikati palikuwa na kabati la kioo, na ndani yake sahani za bati zilizobonyea, na vijiko. Vijiko vilikuwa vichache. Kimoja kilikuwa kimelika upande, utadhani kimenolewa. Mwongozaji alibonyeza kitufe ukutani, na sauti ya mzee ikaanza, nzito, yenye kikohozi.

"Chakula kilikuwa pipa moja. Vijiko walitupa kimoja kwa watu wawili, sijui kwa uchache au kwa kutucheka. Mwanzoni ilikuwa ni kunyang'anyana. Mwenye nguvu anakomba, mnyonge anatazama. Tukazika watu tuliowaua wenyewe. Ndipo wakubwa wa banda wakaweka sheria. Kila mtu na mwenza wake wa kijiko. Anaanza aliyekonda zaidi. Anakula kijiko kimoja, anameza, mwenzake amwone amemeza, ndipo naye apokee. Kimoja kimoja mpaka bati liwe jeupe. Mwenzako hajala, nawe huli, hata roho iwe inakutoka. Ukiletewa kabla yake unasema: bado."

Wifi alimshika Mama Mito mkono. Mkono huo ulikuwa wa baridi.

"Wapo waliokata tamaa," sauti iliendelea. "Anageukia ukuta, hataki. Dawa yake ilikuwa hiyohiyo. Unakaa mbele yake na njaa yako. Mwenza wangu alipokataa, mimi nilikaa. Siku ya tatu akafungua kinywa, si kwa kujihurumia yeye, kwa kunihurumia mimi. Tulitoka sote tukiwa hai."

Kikohozi, kisha mlio wa kitufe kikijizima.

Mama Mito alikuwa amekaza macho kwenye kijiko kilicholika. Mkono mmoja. Vinywa viwili. Miji yote ile waliyompa, na jibu lilikuwa limelala kwenye kabati la kioo.

"Alikuwa hakatai," alisema. "Wifi, kaka yako alikuwa hakatai. Alikuwa ananirudishia mimi zamu. Ananiona nimekonda, ananirudishia, nami najifanya sielewi. Nikaficha chakula cha nyumba nzima asione mtu akitafuna! Nimepangusa watoto midomo! Nimemuua kwa adabu zangu."

"Hajafa."

"Siku zote hizi ananingoja nile!"

"Basi inuka ukale, mwanamke!" Wifi alifoka, machozi yanamtiririka mpaka shingoni. "Unalilia kioo? Inuka!"

Mwongozaji alikwisha kutangulia nje, anakimbia kuelekea langoni kuwatafutia gari.

*

Walipofika, gari la hospitali lilikuwa limesimama barabarani, dereva wake kaegemea mlango. Mkoba wa nguo za mgonjwa ulikuwa umefungwa na kuwekwa kizingitini. Muuguzi alikuwa amepiga magoti kando ya godoro akimvalisha baba yake soksi. Fundi alikuwa ameufumba mdomo, macho nusu, pumzi fupi fupi.

"Mama, umechelewa. Dereva hawezi kungoja."

"Atangoja. Wifi, uji!"

Wifi aliuleta ukiwa vuguvugu. Mama Mito aliketi sakafuni, akaliweka bakuli kati yake na mumewe. Hakumpelekea kijiko. Alikijaza, akakitazama. Akakitia mdomoni mwake mwenyewe.

"Mama?" Muuguzi alisimama. "Unafanya nini mbele ya baba?"

"Mwache," Wifi alisema.

Uji ulimjaa kinywani, haukutaka kushuka. Fundi alifumbua macho. Alimtazama mkewe, kwanza mdomo, kisha shingo. Alikuwa anangoja kitu kishuke. Mama Mito alimeza kwa nguvu, na ukashuka kama jiwe kisimani.

Akakifuta kijiko pembeni mwa bakuli, akakiweka kiganjani mwa mumewe, akavifunga vidole vyake juu yake.

Nje dereva alipiga honi. Mkono wa Fundi ulianza kusogea, kijiko kikagonga ukingo wa bakuli, kikakosa, kikapata. Fundi alikipandisha mwenyewe. Nusu ilimwagikia kifuani, nusu ikaingia. Akameza.

Muuguzi alijiziba mdomo kwa mikono miwili.

Fundi hakuwatazama. Alichota tena, akajaza kijiko mpaka kikafurika, akakinyoosha kwa mkewe. Mama Mito akala. Akakirudisha. Safari hii aliona vizuri: Fundi alikijaza kijiko cha mkewe, chake mwenyewe alikichovya ncha tu. Akarudia. Cha mkewe kimejaa, chake ncha.

Kumbe mwizi, aliwaza. Kumbe hata huko alikuwa mwizi wa namna hii. Aliona hesabu ilivyokaa. Ili mumewe apate ncha tatu, yeye amalize bakuli. Ili aone kesho, yeye anenepe. Na siku atakayoshindwa kumeza, mumewe ataweka kijiko chini na kusema bado, na atakuwa amemaanisha.

"Usinidanganye," alimwambia. "Jaza na chako."

Fundi aliinama karibu, kama mtu asiyetaka askari wasikie. Alimtazama kwa upole ambao mkewe hakuwahi kuuona katika maisha yao yote pamoja, na haukuwa wake. Ulikuwa wa mtu mwingine, aliyekaa mbele ya Fundi zamani, akiwa amekonda vivyo hivyo.

"Kula, ndugu yangu," alinong'ona. "Kesho watatufungulia."

Kile kitendawili chake Mama Mito alikuwa amekitegua, na njia nzima alijiandaa kumwambia jibu na kudai miji yote irudi. Alifumbua mdomo kusema, akauona mkono wa mumewe ukimngoja, kijiko kimejaa mpaka ukingoni.

Nyuma yake Wifi alikuwa ameketi sakafuni, karibu kabisa na mgonjwa, amefungua karatasi ya mkate wake. Alikuwa anatafuna kwa sauti, mashavu yote mawili yametuna, huku akilia. Muuguzi hakuufungua mkoba wa nguo wala hakuuinua. Alikwenda mlangoni kumwambia dereva asubiri kidogo tu.

Mama Mito akapanua kinywa, akala.